Kutolewa Kizazi: Ovari Zibaki au Zitoke?

Neno linalowaponza wanawake wengi kabla ya upasuaji ni "vyote". Mgonjwa ametokwa na damu miezi mingi, uvimbe umemjaza tumbo, amechoka. Daktari akimuuliza, hujibu: "Nitolee vyote, nipumzike." Kwake yeye, vyote ni kizazi na uvimbe wake. Kwenye fomu, vyote huweza kuwa kizazi, mirija miwili ya uzazi na ovari mbili. Kwa mwanamke wa miaka 40, tofauti ya maana hizo mbili ni miaka kumi hivi ya homoni.

Mwongozo huu ni wa mwanamke wa Lamu, Malindi au vijiji vya katikati ambaye ameshaambiwa kizazi kitatolewa, kwa sababu ya uvimbe, damu isiyokoma au kizazi kushuka. Mwenye saratani ana sehemu yake huko chini. Kama kizazi chenyewe kitoke au kisitoke, hilo hatuliamui hapa. Kizazi ni uamuzi mmoja na ovari ni uamuzi mwingine. Kila mmoja unataka sababu yake, na daktari akikupa sababu ya kutoa kizazi bado hajakupa sababu ya kutoa ovari.

Kinachopotea ni nini

Ovari ni viungo viwili, kila kimoja kadiri ya lozi kubwa, kimoja kila upande wa kizazi. Hutoa mayai, na pia hutengeneza estrojeni, projesteroni na sehemu ya testosteroni ya mwanamke. Kazi ya kizazi ni kubeba mimba na kutoa damu ya mwezi. Kwa hivyo kizazi kikitoka na ovari zikabaki, hedhi hukoma na mimba haiwezekani tena, lakini homoni huendelea kama kawaida. Ovari zikitoka kabla ya hedhi kukoma yenyewe, homoni hukatika ghafla, na joto la ghafla, jasho la usiku na kukosa usingizi huweza kuanza ndani ya siku chache.

Mtaani husemwa kwamba mwanamke aliyetolewa kizazi "hukauka". Mara nyingi kinachosimuliwa hapo ni habari ya ovari. Ukavu ukeni, hamu ya tendo la ndoa kupungua na joto la ghafla hutokana zaidi na ovari kutolewa au kuacha kazi kuliko kizazi kutoka.

Kuna jambo moja ambalo huwashangaza watu. Ovari hupata damu kwa njia mbili, mshipa wake wenyewe unaotoka juu kwenye mshipa mkuu, na tawi la mshipa wa kizazi. Kizazi kikitolewa, lile tawi hukatwa. Hii ni mojawapo ya sababu zinazotajwa kueleza kwa nini hata ovari zilizoachwa huweza kuchoka mapema kidogo, mwaka mmoja hadi minne kabla ya wakati wake. Ni hasara ndogo ukiilinganisha na kuzikata zote mara moja, lakini ijue, usije ukashtuka ukiwa na miaka 47.

Hatua ya kwanza: umri na hedhi

Huu ndio mzani mkuu. Kama uko chini ya miaka 45, ovari zako hazina ugonjwa na ukoo wako hauna saratani za kutia shaka, ziache. Estrojeni hulinda mifupa, na kuikosa mapema bila kupewa mbadala kumehusishwa na ugonjwa wa moyo, mifupa kuvunjika na akili kudhoofika uzeeni. Kadiri unavyotolewa ovari ukiwa mdogo, ndivyo hasara inavyokuwa kubwa.

Kuanzia 45 hadi hedhi ikome yenyewe, ambayo kwa wengi ni karibu miaka 50, sababu za kuziacha bado zina nguvu zaidi.

Hedhi ikishakoma, mambo hubadilika taratibu. Ovari bado hutoa homoni kidogo, na saratani ya ovari huongezeka kadiri umri unavyosonga, kwa hivyo uchaguzi wowote kati ya miwili una hoja. Sisi twaona kwamba kuzitoa kwa sababu tu "zimeshamaliza kazi" hakutoshi. Kwa bibi wa miaka 65 na zaidi, anayezitoa hapotezi mengi.

Mwaka 2009 ulichapishwa uchunguzi wa wauguzi 29,380 wa Marekani waliotolewa kizazi kwa ugonjwa usio saratani, wakafuatwa kwa miaka 24. Waliotolewa ovari walipata saratani ya ovari na ya matiti kwa uchache zaidi. Hata hivyo, kwa jumla walikufa zaidi, na ugonjwa wa moyo ulikuwamo. Hakuna kundi la umri ambamo kutoa ovari kuliwaongezea wanawake maisha. Ni uchunguzi wa kufuatilia watu, haukuwagawa kwa kura, kwa hivyo haumalizi ubishi wote. Lakini anayekuambia "tutoe tu, usije ukapata saratani" anapaswa kuujibu.

Hatua ya pili: uliza ukoo, na uulize vizuri

Hatari ya kawaida ya saratani ya ovari maishani, katika nchi zilizohesabu kwa miaka mingi, ni kati ya mwanamke 1 na 2 kwa kila 100. Mwenye hitilafu katika jeni ya kurithi iitwayo BRCA1 hatari yake hufika karibu 40 kwa 100, na ya BRCA2 karibu 17 kwa 100. Huyu ndiye mwanamke ambaye kutolewa ovari mapema humwokoa. Mwenye BRCA1 kwa kawaida hushauriwa kuzitoa kati ya miaka 35 na 40 akiwa amemaliza kuzaa, na mwenye BRCA2 kati ya 40 na 45.

Ugumu ni kwamba wazee wetu wengi hawakuwahi kuambiwa jina la ugonjwa. Ukimuuliza mamako, "Bibi alikuwa na saratani ya ovari?" atasema hapana, na atakuwa mkweli. Uliza dalili: "Tumbo lake lilijaa maji? Alikuwa akila kidogo akishiba? Kuna aliyekatwa titi, au aliyekuwa na kidonda titini kisichopona? Alikuwa na umri gani, watoto wake walikuwa wameshaoa?" Uliza upande wa baba vilevile, kwa kuwa jeni hii hurithiwa kwa baba sawa na kwa mama, na shangazi hujua mengi.

Yanayotosha kumsimamisha daktari ni haya: mama, dada au binti aliyepata saratani ya ovari, saratani ya titi kabla ya miaka 50, au titi zote mbili, mwanamume wa ukoo aliyepata saratani ya titi, au watu kadhaa wa ukoo mmoja wenye saratani ya utumbo mpana na ya kizazi wakiwa bado vijana. Likiwepo mojawapo, omba kuzungumza kuhusu kipimo cha jeni kabla ya tarehe ya upasuaji. Kipimo kisipopatikana, historia yenyewe yatosha kubadilisha mazungumzo.

Hatua ya tatu: ovari zenyewe zikoje

Omba ultrasaundi ya karibuni inayotaja kila ovari kwa ukubwa wake. Ripoti isemayo uvimbe wa kizazi peke yake haitoshi. Uvimbe mkubwa huweza kuzificha ovari, na kama hazikuonekana, ripoti iseme hazikuonekana.

Kifuko chepesi cha maji kwa mwanamke anayeona hedhi ni jambo la kawaida na mara nyingi huyeyuka chenyewe. Kifuko chenye kuta nene, vipande vigumu ndani, au maji mengi tumboni ni habari nyingine, na hapo yafaa upasuaji ufanywe na mtu aliyezoea saratani za wanawake.

Ukipimwa CA-125, protini ya damu inayotumika kutafuta dalili za saratani ya ovari, ikawa juu kidogo, usikubali ovari zitolewe kwa sababu hiyo peke yake. Kipimo hiki hupanda pia kwa uvimbe wa kawaida, kwa endometriosisi (utando kama wa ndani ya kizazi kuota nje yake), hata kwa hedhi.

Endometriosisi kali ndiyo penye ugumu wa kweli. Ukiacha ovari, maumivu huweza kurudi na ukahitaji kupasuliwa tena. Ukizitoa, maumivu hupungua kwa wengi lakini unaingia ukomo wa hedhi siku hiyohiyo. Hapa uzito wa maumivu yako ni sehemu ya kipimo, nawe ndiye unayeujua.

Mirija ni swali la tatu

Saratani nyingi za ovari zile kali huanzia kwenye ncha ya mrija, pale penye vidole vidogo vinavyoizunguka ovari. Tangu 2010 madaktari wa jimbo la British Columbia, Canada, walianza kuhimiza kwamba kizazi kikitolewa mirija itolewe nayo, ovari zibaki. Njia hii sasa imekubalika kwingi. Ikiwa hutazaa tena, mirija haina kazi nyingine. Kuitoa huongeza dakika chache, hupunguza hatari ya saratani na hakukuingizi katika ukomo wa hedhi. Yataka tu daktari akate karibu na mrija, asiumize mishipa ya ovari. Kwa mwanamke wa kawaida wa miaka 42 mwenye uvimbe, jibu letu ni kizazi na mirija vitoke, ovari zibaki. Upasuaji ukifanywa kwa njia ya uke, kuifikia mirija huwa kugumu zaidi, kwa hivyo liulizwe mapema.

Hatua ya nne: hesabu ya dawa

Hapa ndipo Lamu inapotofautiana na mji mkubwa. Anayetolewa ovari akiwa kijana anahitaji estrojeni ya dawa hadi karibu miaka 50 au 51, ila akiwa na sababu ya kutoitumia. Ukitolewa ukiwa na 40, hiyo ni miezi 120 au zaidi ya dawa. Nenda kwa mwuza dawa unayemtegemea, Lamu mjini au Malindi, uulize mambo matatu kabla ya upasuaji: ipo dukani leo? Mwezi mmoja ni shilingi ngapi? Ikiisha, huchukua siku ngapi kufika? Zidisha bei hiyo kwa 12, kisha kwa miaka yako. Anayeishi Faza au Kizingitini aongeze nauli ya mashua. Ovari haiishi dukani wala haingoji maji kujaa ili ifike. Kwa mwanamke wa visiwani hii ni hoja ya kitabibu kamili, na yafaa aitaje mbele ya daktari.

Ikibidi kutumia dawa, jua haya. Aliyetolewa kizazi chote kwa kawaida hutumia estrojeni peke yake, bila projesteroni. Kama mlango wa kizazi umeachwa, au wewe una endometriosisi, muulize daktari, huenda ukahitaji zote mbili. Aliyewahi kupata saratani ya titi, damu kuganda mishipani au ugonjwa mkali wa ini asianze bila bingwa kuamua. Kwa baadhi yao, kukosa ruhusa ya dawa ndiyo sababu kubwa ya kuacha ovari mahali pake. Saratani ya titi ina hesabu yake, nayo hupangwa na anayeitibu.

Kidonge humezwa mara moja kwa siku, kwa hivyo Ramadhani utakimeza baada ya futari au wakati wa daku. Plasta ya ngozini na jeli hupita ngozini na kwa dozi za kawaida haziongezi hatari ya damu kuganda kama kidonge. Zinafaa zaidi kwa mwenye presha, unene au kipandauso. Tatizo la plasta pwani yetu ni jasho, hubanduka. Ibandike chini ya kiuno au kwenye kalio, ngozi ikiwa imeoshwa na kukauka kabisa, pasipakwe mafuta ya nazi wala losheni, uibane kwa kiganja sekunde kumi, na kila mara ubadilishe mahali. Usiiweke titini. Jeli ipake ukitoka kuoga, uiache ikauke, na kwa muda wa saa moja mtoto asigusane na sehemu hiyo. Dawa zote zikae mbali na joto la bati.

Hatua ya tano: fomu

Fomu ya kukubali upasuaji huandikwa kwa herufi za madaktari. TAH ni kutoa kizazi chote kwa kupasua tumbo. BSO ni mirija na ovari zote mbili. USO ni mrija na ovari ya upande mmoja. BS ni mirija peke yake. Alama ya kuangalia kuliko zote ni ±. Ukiona "TAH ± BSO", maana yake ovari zitaamuliwa ukiwa umelala. Usiisaini hivyo. Omba iandikwe kwa sharti, kwa mfano: "Ovari zibaki. Itolewe ile tu itakayoonekana na ugonjwa."

Kisha mkubaliane juu ya watakayoyakuta. Uliza kwa utaratibu: "Daktari, ukikuta kifuko cha maji, utatoa kifuko au ovari nzima? Ukikuta moja ina ugonjwa, ya pili utaiacha? Ukiona dalili za saratani, utafanya nini?" Majibu yanayofaa kwa anayeona hedhi ni haya: kifuko peke yake kitolewe ikiwezekana, ovari moja mbovu itoke yenyewe, dalili za saratani zikionekana, ovari itoke na kipande kipelekwe maabara. Ovari moja nzima hutosha kuendesha homoni. Mkubaliane pia kwamba damu ikimwagika au viungo vikiwa vimeshikana, daktari ana ruhusa ya kufanya linalookoa maisha.

Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inataka uelezwe kwa lugha unayoielewa pale inapowezekana. Mwombe akueleze kwa Kiswahili, na uende na mtu, mume, dada au somo wako, asikilize nawe kwa kuwa hofu husahaulisha. Saini ni yako, ewe mtu mzima mwenye akili timamu. Mume hushauriwa, lakini hasaini badala yako. Anayetaka kumuuliza shekhe ampelekee swali kamili: ovari zina ugonjwa au hazina, na daktari ametaja dharura gani. Ukimpelekea swali la "kutolewa kizazi" tu, jibu lake halitaigusa ovari.

Ikiwa kuna saratani, au ni dharura

Saratani ya ukuta wa kizazi kwa kawaida hutaka ovari zitoke, ingawa mwanamke kijana mwenye saratani ya mapema na isiyo kali huweza kujadiliana na bingwa. Saratani ya mlango wa kizazi ikigunduliwa mapema, kwa aina iliyo ya kawaida zaidi, mara nyingi ovari za kijana zaweza kubaki. Lakini kama utachomwa kwa mionzi baadaye, mionzi hiyo huziua. Uliza mapema kama zinaweza kuhamishwa juu, nje ya eneo la mionzi. Baada ya mionzi swali hilo halina faida tena.

Kizazi kinachotolewa usiku kwa sababu mzazi anamwaga damu hakina nafasi ya mazungumzo, na mara nyingi ovari huachwa. Ukipata nafuu, omba uelezwe kilichotolewa kabla hujaruhusiwa kutoka.

Baada ya upasuaji

Safari ni ndefu kwa anayetoka Malindi au Mombasa kurudi Lamu. Simama njiani, tembea kidogo, kunywa maji, kwa sababu kukaa saa nyingi kwenye basi huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Kutoka gati ya Mokowe, chagua mashua iliyotulia, na wa Pate apange safari na maji kujaa, asije akalazimika kushuka kutembea topeni. Kwa wiki sita usipande punda wala usibebe ndoo ya lita 20. Homa ya nyuzi 38, pedi kulowa ndani ya saa moja, usaha wenye harufu, mguu mmoja kuvimba au kifua kuuma ni sababu za kurudi hospitali siku hiyohiyo.

Aliyebaki na ovari hataona hedhi, kwa hivyo hatajua kwa urahisi siku homoni zitakapokoma. Joto la ghafla si sawa na joto la kaskazi. Huanza kifuani, hupanda usoni, moyo hupiga, huisha baada ya dakika chache na mara nyingine huacha baridi. Likikuanza kabla ya 45, nenda upimwe. Hakuna haja ya ultrasaundi ya kila mwaka ya kutafuta saratani. Jaribio kubwa la Uingereza la wanawake zaidi ya 200,000, lililotoa matokeo yake 2021, halikuonyesha kwamba kupimwa hivyo kunapunguza vifo. Lakini tumbo kujaa kwa wiki tatu mfululizo, kushiba haraka au maumivu ya upande mmoja yasikaliwe kimya.

Aliyetolewa ovari apimwe presha, sukari na mafuta ya damu kila mwaka, ale dagaa na mifupa yake, anywe maziwa, atembee. Mwenye kuvaa buibui na kushinda ndani aulize kuhusu vitamini D, hata kama pwani jua halipungui. Ukavu ukeni una krimu ya estrojeni ya dozi ndogo, na hilo lizungumzwe kliniki bila haya.

Kabla ya kuondoka wadini, chukua karatasi ya upasuaji na uipige picha kwa simu. Uliza vilivyotolewa vitasomwa na maabara gani na jibu litatoka lini, kisha lifuate mwenyewe.

Na aliyepasuliwa miaka iliyopita asiyejua kama ovari zake zipo, aanzie hospitali alikopasuliwa, kwenye daftari la thieta au faili yake. Faili ikikosekana, ultrasaundi huweza kuziona, ingawa za mwanamke wa umri mkubwa hunywea na kujificha. Kama yuko chini ya miaka 45, kipimo cha damu cha FSH, homoni inayoziamrisha ovari na ambayo hupanda zikiacha kazi, kitaonyesha kama ovari zinafanya kazi. Kikiwa juu sana mara mbili, kwa nafasi ya wiki nne au zaidi, amwone daktari wa wanawake mapema, kwa kuwa miaka yake ya kuhitaji estrojeni bado inahesabika.